Kona za Koo la Grozdana

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwamba naogopa, bali yenyewe ina haya na haipendi kutajwa mbele za watu. Imekaa katikati ya Mashariki na Magharibi, na pande zote mbili zimewahi kupita kwetu juu ya farasi bila kubisha hodi. Wa Mashariki walipaona pazuri wakakaa karne kadhaa. Walipoondoka walituachia kahawa, ndara za kuvaa ndani, vitafunio vya asali, karibu matusi yetu yote ya maana, na ile namna ya kuimba ambapo mtu analishika neno moja, analizungusha kooni, analipandisha, analishusha, analipitisha uani, ndipo analitua.

Serikali yetu tukufu iliutafakari urithi huu kwa kina. Ikaamua kwamba kahawa ni yetu tangu asili, ndara ni zetu, vitafunio ni vyetu, na matusi ni fahari ya taifa. Ile namna ya kuimba tu ndiyo ya Mashariki, nayo inatuaibisha mbele ya Magharibi.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kinatazamana na mkahawa wa Grozdana, kwenye barabara kuu wanayopita madereva wa malori, kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, mara nyingine wembe uko mkononi na mteja ana povu nusu uso. Siipingi Serikali. Nasema tu yaliyotokea.

Grozdana alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, mwenye mikono iliyozoea kukanda unga. Mumewe Tihomir alikuwa mwembamba na mpole, na akipakata kinanda chake cha kodiani ungedhani kodiani ndiyo iliyompakata yeye. Mchana Grozdana alipika supu na maharagwe. Jioni alivua aproni, Tihomir akavuta kodiani, naye akaimba wimbo wa mwanamke ambaye mumewe amekwenda kufanya kazi ugenini na hana dalili ya kurudi. Alipofika kwenye neno "rudi", dereva aliweza kuanza bakuli la supu na kulimaliza kabla neno halijaisha. Wanaume wenye vifua kama milango walilia hadharani, na hakuna aliyewacheka, maana hakubaki wa kucheka.

Habari hizi zikalifikia Baraza la Unyoofu wa Nyimbo.

Mwenyekiti wa Baraza, Profesa Vukasin, alikuwa amesomea Magharibi, katika mji ambao, kwa maelezo yake, watu huimba kama wanaopiga mstari kwa rula. Alikuja kwa gari la Serikali. Kwa kuwa barabara yetu inapita milimani, alishuka akiwa wa kijani kwa kichefuchefu, akaomba maji. Kisha akaketi meza ya mbele, akatoa rula ndefu ya mbao, na Grozdana alipoanza kuimba akaiinua mbele ya macho yake, akaufuata wimbo nayo kama fundi anayekagua ukuta.

"Simamisha!" alipaaza sauti. "Mama, hapo kwenye neno 'rudi' umepita wapi?"

"Nimepita kooni, Profesa," Grozdana alijibu. "Njia nyingine sina."

"Umekata kona! Tena kona juu ya kona!" Profesa akasimama, akanyoosha rula kwa hasira kuelekea ukutani. "Hiyo ni Mashariki!"

Dereva mmoja aitwaye Radoje, mtu mwenye adabu zake, aliweka kijiko chini. "Samahani mzee. Mashariki ni kule kwenye pampu ya dizeli. Huko unakoonyesha ni chooni."

Baada ya ziara ile ikatangazwa Kodi ya Kona. Kila santuri na kila kanda ilipimwa na Baraza, na iliyokutwa na kona ilitozwa kodi na kubandikwa stika nyekundu iliyoandikwa OVYO, ili mwananchi mwenye heshima zake asiinunue kwa bahati mbaya. Ilikuwa hatua ya busara sana. Kabla ya hapo mtu aliweza kuzunguka duka zima akitafuta muziki mzuri asiuone. Sasa akiingia tu, anaiona stika tangu mlangoni. Wenye maduka wakaanza kubandika stika za bandia kwenye kanda zisizonunuliwa, na mwisho Baraza likagundua, kwa uchungu mkubwa, kwamba hata kanda ya Kwaya yake Tukufu ya Unyoofu ilikuwa sokoni na stika ya OVYO, na kwamba ndiyo mara ya kwanza imenunuliwa. Wanunuzi waliirudisha asubuhi yake, wakilalamika kwamba wametapeliwa.

Profesa Vukasin akaona hakuna njia ila kulitibu tatizo kwenye chanzo. Akarudi kwetu, safari hii na askari wawili waliokuwa wanatazama chini kwa aibu, maana walikuwa wateja.

"Bibi Grozdana," alisema, "Serikali inakupenda. Ama utakuja kwenye Chuo chetu unyooshwe sauti, ama mkahawa ufungwe."

Grozdana akamtazama mumewe. Tihomir akaitazama kodiani.

"Nenda tu," Tihomir alisema. "Sauti ni yako. Watakunyang'anyaje?"

Akaenda. Alikaa Chuoni majira yote ya baridi. Walimfundisha kuimba huku ameuma mrija. Walimfundisha kuimba kidevu chake kikiwa kimefungwa kwa kitambaa. Asubuhi walimtembeza juu ya reli huku anaimba, ili sauti iige njia ya treni, lakini nchi yetu ni ya milima na reli zetu nazo zina tabia zake. Palipatikana kipande kimoja tu kilichonyooka, karibu na machinjio, naye akawa anaimba hapo kwenda na kurudi, ng'ombe wakimtazama.

Aliporudi, mkahawa ulijaa mpaka nje. Tihomir alivuta kodiani. Grozdana akaimba wimbo uleule, na alipofika kwenye "rudi", akasema rudi. Neno likatoka likaenda moja kwa moja, likapita dirishani, likaishia huko. Radoje, ambaye kijiko chake hakikuwa kimefika mdomoni, alisimama polepole akavua kofia.

"Pole sana, dada," alisema. "Nani amefariki?"

Usiku ule hakuna aliyelia wala kuvunja glasi. Watu walikula, wakalipa, wakashukuru. Wakati wa kufunga nilivuka barabara kurudisha sahani, nikawakuta jikoni.

"Sema ukweli," Grozdana alikuwa anamwambia mumewe. "Ilikuwaje?"

Tihomir hakujua kudanganya. "Zamani ulikuwa unaimba," alisema. "Sasa unatangaza."

Grozdana akaendelea kukanda unga, akajaribu kuguna wimbo kidogo, kama alivyozoea wakati wa kukanda. Mguno nao ukatoka umenyooka. Akauacha unga, akaketi juu ya gunia la viazi, akalia, na hata kilio chake kilikuwa kimoja, kirefu, hakina kupanda wala kushuka. Niliweka sahani mezani nikaondoka bila kuaga.

Basi, mwaka uliofuata Rais wetu alialikwa Magharibi kwenye karamu kubwa ya marais. Alikwenda na suti mpya. Huko wakamkalisha meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, na kila mhudumu aliyepita alimgonga kiwiko na trei. Alirudi amebadilika. Akalihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi! Tumedanganywa! Sisi ni watu wa Mashariki tangu enzi! Damu yetu ina kona! Mito yetu ina kona! Nani amewahi kuona mto uliopigwa rula?"

Mchana huohuo Baraza la Unyoofu wa Nyimbo likawa Baraza la Uhai wa Kona. Ofisi ni ileile, wajumbe walewale, na mhuri uleule umekwanguliwa maneno mawili. Profesa Vukasin alitoa hotuba akieleza kwamba msimamo wake haujawahi kubadilika, ila watu walikuwa wanamsikia vibaya. Stika za OVYO zikahamishiwa kwenye kanda za kwaya. Na Grozdana akachaguliwa kuimba Sikukuu ya Taifa, mbele ya Rais na mabalozi, kwa kona zote alizojaliwa.

Profesa alileta habari mwenyewe. Alikuja amevaa ndara.

"Sina tena, Profesa," Grozdana alimwambia. "Ulizichukua wewe."

"Hilo si tatizo. Mimi ndiye niliyekunyoosha, mimi nitakukunja. Nifuatishe." Profesa akafumba macho, akashika shingo yake kwa vidole viwili, akatoa mlio. Paka wa jirani aliondoka juu ya paa na hakuonekana wiki nzima.

Alimfundisha kila siku, na haikusaidia. Profesa alianza kukonda, maana Rais alikuwa ameshaahidi. Siku moja, katikati ya somo, Tihomir aliyekuwa anamenya vitunguu pembeni akachoka.

"Mwachieni mke wangu. Kwanza hakupaswa kwenda kule Chuoni."

Grozdana akamgeukia. "Nani aliyesema nenda?"

"Nilisema nenda. Sikusema ukae huko mpaka wakuchonge!"

"Wewe, Tihomiiiir!"

Lile jina lilikuwa limepanda, likageuka, likashuka ngazi, likapanda tena, likatua kwenye "r" kama njiwa. Mimi mwenyewe niliacha kunyoa. Profesa Vukasin alipiga magoti sakafuni, machozi yanamtoka.

"Mgombeze tena, mama! Kwa ajili ya taifa, mgombeze tena!"

Hivyo ikagundulika kisayansi kwamba kona zilikuwa zimebaki kwenye hasira, mahali ambapo Chuo kilisahau kupekua. Nchi nyingine ingeliacha jambo hili lijiendee. Yetu ikaanzisha ofisi. Tihomir akateuliwa kuwa Mchokozi Mkuu wa Taifa, akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na kofia yenye nembo, na kazi yake ikawa kumuudhi mkewe kabla ya kila zoezi.

Hakuwa na kipaji. "Mke wangu," alikuwa akianza, kofia mkononi, "samahani, supu yako ya leo haifikii ya mama yangu. Nisamehe. Kwa kweli inaizidi." Siku za mwanzo Grozdana alikasirishwa na zile samahani, na kona chache zilipatikana. Lakini alizizoea. Akawa anamtazama mumewe akihangaika kuacha taulo mbichi kitandani, anamwonea huruma, na sauti inanyooka tena.

Baraza likampeleka Tihomir kwenye mafunzo ya uchokozi wa ngazi ya juu. Mwalimu wa huko hakutaka habari za supu na taulo. Alimwuliza: mkeo ana jeraha gani la zamani? Na Tihomir, ambaye hakujua kudanganya, akamwambia.

Jeraha lenyewe sote tuliokaa barabara ile tulilijua. Baba yake Grozdana alikuwa mtu wa sala na wa maneno makali. Binti yake alipoanza kuimba mkahawani, alisema mwanamke wa kuimbia madereva si mtoto wake, na hakukanyaga mlango wake mpaka alipokufa.

Ilikuwa siku mbili kabla ya Sikukuu. Tihomir aliporudi mafunzoni hakuvua kofia. Akasimama katikati ya mkahawa, Profesa yuko kando na rula yake, akasema kama mtu anayesoma ubaoni: "Baba yako alikuwa na haki ya kukuonea aibu."

Grozdana hakupiga kelele. Aliweka chini sufuria aliyoishika, akaenda ndani akachukua mto na blanketi, akatandika jikoni. Profesa alisubiri sauti na rula juu. Haikutoka ya kona wala ya kunyooka. Haikutoka kabisa, si usiku ule wala kesho yake.

Tihomir alivuka barabara akaja kuketi kwenye kiti changu, ingawa hakuwa na ndevu za kunyoa.

"Nimemchokoza kweli," alisema.

Nilimpaka povu tu, ili apate mahali pa kuficha uso.

Siku ya Sikukuu nilikuwepo uwanjani. Nilichaguliwa kuwa Mwananchi wa Kawaida, nikapewa kofia na bendera na kiti safu ya pili. Grozdana na mumewe waliletwa kwa gari moja, kila mmoja anatazama dirisha lake. Na asubuhi ileile, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, Magharibi ilikuwa imempigia Rais simu kumwalika kwenye karamu nyingine, na safari hii meza ya katikati. Rais alifurahi sana. Profesa Vukasin alipewa habari akiwa anapanda jukwaa.

Nilimwona akimkimbilia Tihomir. "Usimchokoze! Anyooke! Sisi ni Magharibi tangu asubuhi!"

"Mimi simchokozi tena," Tihomir alisema. Akavua kile kitambulisho akakiweka juu ya rula ya Profesa, akapanda jukwaani, akakaa na kodiani yake karibu na mkewe. Grozdana alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti, mdomo umefungwa. Hakuna aliyekumbuka kwamba kipaza sauti kimeshawashwa, kwa hiyo yaliyofuata tuliyasikia sote, na walioko majumbani wakayasikia redioni.

"Grozdana," Tihomir alisema, "nimeacha kazi. Yale maneno nilifundishwa. Hata mwalimu alisema nimeyasema vibaya, kwa machozi."

Grozdana hakugeuka.

"Nina jingine, na hili nilikula kiapo nisiseme. Baba yako alikuwa anakuja."

"Anakuja wapi?"

"Mkahawani. Nyuma, kwenye mapipa ya taka. Kila Jumamosi, giza likiingia. Anasimama pale anakusikiliza, wimbo ukiisha anaondoka. Miguu ilipoanza kumuuma nilimpelekea kiti. Akaniambia nikikuambia atanivunja kodiani."

Rais alikuwa ameinua mkono kuuliza kama hii ni sehemu ya ratiba.

"Kiti gani?" Grozdana aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kile cha bluu. Kizuri."

"Kile ulichosema kimeibiwa?"

"Kile."

"Na mimi nikamtukana Radoje wa watu mwaka mzima!" Grozdana akaanza kucheka, kisha kicheko kikawa kilio, kisha sijui kikawa nini, maana hapo katikati wimbo ulikuwa umeshaanza, na Tihomir akawa anaufukuza na kodiani yake. Alipofika kwenye "rudi" ndipo nikajua. Neno lilikwenda mbali, likapita mahali lilipozoea kupita, likapita na mahali pengine ambapo halikuwahi kufika, halina haraka. Halikuwa na hasira hata chembe. Wazee waliokuwa wamekalishwa kulingana na vyeo walishikana mikono bila kujali vyeo.

Rais hakujua apige makofi au asipige, akamtazama Balozi wa Magharibi. Balozi alikuwa amevaa kizibao cha kushonwa kwa mkono alichokinunua kwa ajili ya siku hiyo, na machozi yalimtiririka mashavuni. "Hatimaye kitu cha asili!" alisema. "Mashariki yenyewe! Kwa nini mlitaka kutuimbia za kwetu?"

Rais akamgeukia kwa furaha Balozi wa Mashariki. Yeye alikuwa na suti nyembamba na saa ya kisasa, na alikuwa anatazama viatu vyake. "Samahani Mheshimiwa," alisema, "kwetu haya tuliyaacha tangu zamani za bibi zetu. Sasa tunaimba kama Magharibi. Hiki mlichonacho ni chenu." Lakini niliona kiatu chake kimoja kinapigapiga sakafu.

Baraza lilikaa kwa dharura, likajadili, likatoa msimamo mpya: nyimbo za taifa zisiwe za Mashariki wala za Magharibi, bali za hapa hapa, halisi, zisizochanganywa na chochote. Profesa Vukasin akatumwa kuwaelimisha wananchi, na kituo chake cha kwanza kikawa mkahawa wetu.

Alifika jioni, wa kijani kama kawaida. Akaeleza msimamo. Madereva walimsikiliza kwa heshima, na Radoje, ambaye alikuwa ameshaombwa radhi na kupewa supu ya bure, akainua mkono.

"Tumekuelewa, mzee. Tuimbie mmoja, tuusikie ulivyo."

Profesa akasimama. Akakohoa. Akafungua mdomo kuimba wimbo wa hapa hapa usiochanganywa na chochote, na mdomo ukabaki wazi. Tulisubiri. Aliufunga, akaufungua tena. Uso wake ukawa wa mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Hakuna aliyecheka. Grozdana, ambaye alikuwa na kila sababu ya kumwacha asimame hivyo mpaka asubuhi, alimwonea huruma, akaanza kuguna wimbo wake huku anapangusa meza. Tihomir akadakia. Meza ya madereva ikadakia. Nami nilidakia kutoka mlangoni, ingawa sina sauti.

Ulipoisha Profesa aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya kiofisi hata kidogo, "Huu ni wa wapi?"

"Wa hapa mezani," Grozdana alisema, akamvutia kiti. "Kaa, Profesa. Supu inapoa."

Akakaa. Kesho yake kikao cha Baraza kiliahirishwa kwa sababu Mwenyekiti hakuonekana ofisini, na wiki iliyofuata kikaahirishwa tena kwa sababu hiyohiyo. Hali ni ya kutia wasiwasi. Mpaka ninapoandika haya nchi yetu haina msimamo rasmi juu ya wimbo wowote, na nasikitika kusema kwamba watu wanaimba hivyo hivyo.